Milioni 45 za kwenda India, au nauli ya kila mwezi? Mama wa mtoto mwenye mtindio wa ubongo anauliza

SWALI

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Kihonda, Morogoro. Nina miaka 27. Asubuhi nauza vitumbua na chai mbele ya nyumba, mume wangu ni dereva wa bodaboda. Nakuandikia kwa ajili ya mtoto wetu wa pili, wa kiume, ambaye ametimiza miaka mitatu.

Uchungu ulinishika Jumamosi usiku, nikajifungua Jumatatu alfajiri. Mtoto hakulia. Wakamchukua wakamwekea oksijeni, na siku ya pili akaanza degedege. Tulilazwa siku 12. Alipofika miezi minane shingo ilikuwa bado haijakaza, ndipo daktari akatuambia ni mtindio wa ubongo. Mpaka leo hakai mwenyewe, miguu inakakamaa na kupishana kama mkasi, na hasemi. Lakini ananijua, Shangazi. Nikiingia mlangoni anacheka mwili mzima. Dada yake akianza kuimba, anatulia tuli kumsikiliza.

Nilimpeleka mazoezi miezi mitano, nikaacha. Nauli ilinishinda, halafu sikuona mabadiliko.

Miezi miwili iliyopita shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alikutana mtandaoni na mtu anayejiita wakala wa hospitali moja ya India. Anasema huko wanapandikiza seli shina, yaani chembe changa za mwili zinazoweza kukua kuwa za aina nyingine, kwenye ubongo na mtoto atatembea. Gharama zote pamoja na tiketi ni shilingi milioni 45. Shemeji akamrekodi mtoto video, akiwa na nepi tu, analia, mate yanamtoka, akaisambaza. Akafungua na kundi la WhatsApp, sasa lina watu 212. Kwa wiki sita zimechangwa shilingi 3,870,000, zote kwenye simu yake. Nilipomuuliza juzi, akaniambia ametoa 640,000 akatengeneza pikipiki, atarudisha. Watu kwenye kundi wameshaanza kuuliza maswali. Mmoja ameandika, "Hawa wamemgeuza mtoto mtaji." Sikulala usiku ule.

Sasa wakala anataka milioni tano za kushika nafasi kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo nafasi inakwenda kwa mwingine. Shemeji anasema tukope tujazie. Mume wangu amekaa kimya. Mama mkwe anasema nilifanya jambo nikiwa mjamzito.

Naomba unisaidie: twende India? Na je, nawezaje kuomba msaada bila mwanangu kuwa kituko cha watu?

Mama aliyechoka kuomba, Morogoro

JIBU

Marahaba mwanangu.

Hizo milioni tano usizitume. Wala msikope. Nimetanguliza hilo kwa sababu mwisho wa mwezi hauko mbali, na nisingependa usome barua yote kabla ya kulifikia.

Nakuelewa kuliko unavyodhani. Nimemlea mtoto wa marehemu dada yangu mwenye hali hii hii tangu akiwa na miaka miwili, na sasa ni msichana mkubwa. Nilishawahi kuuza kiwanja kwa ahadi ya namna hiyo. Haikuwa India, ilikuwa karibu zaidi, lakini maneno yalikuwa yale yale: atatembea, nafasi ni chache, wahi. Kiwanja kilikwenda na mtoto hakutembea.

Mtindio wa ubongo ni jeraha la ubongo unaokua. Kwa mtoto wako, kwa jinsi ulivyosimulia, yaelekea ni ile kukosa hewa wakati wa kuzaliwa. Wengine hulipata kwa kuzaliwa njiti, kwa manjano kali ya siku za mwanzo, kwa homa ya uti wa mgongo au malaria iliyopanda kichwani. Jeraha lenyewe haliongezeki, na hakuna dawa inayolifuta. Kinachobadilika ni mwili: misuli iliyokaza huvuta viungo, viungo hujikunja, nyonga hutoka mahali pake. Huko ndiko mazoezi, vifaa na dawa vinakofanya kazi, na ndiyo sababu miezi mitano haikukuonyesha kitu. Hukuona alichopata, na hukuweza kuona alichoepushwa.

Kuhusu seli shina nitasema ninalolijua kwa hakika. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, haijaziidhinisha kutibu mtindio wa ubongo. Na India yenyewe, huko mnakoambiwa muende, Baraza la Utafiti wa Tiba, ICMR, lilitoa mwongozo mwaka 2017 likisema wazi kwamba matumizi yanayokubalika ni kwa baadhi ya magonjwa ya damu, na kwamba kumpa mgonjwa kwa maradhi mengine nje ya utafiti uliosajiliwa ni kinyume cha maadili. Zipo tafiti zinazoendelea duniani, ni kweli. Lakini utafiti wa kweli hauombi mama muuza vitumbua atoe milioni 45 ili aingie. Kabla ya seli shina ilivuma tiba ya kumlaza mtoto kwenye chumba cha oksijeni yenye mgandamizo. Mwaka 2001 watafiti wa Kanada walichapisha majaribio waliyofanya kwa watoto 111, na wale waliopewa oksijeni hawakuwapita wenzao waliopewa hewa ya kawaida iliyogandamizwa kidogo. Hata hivyo inauzwa mpaka leo, kwa sababu wenye watoto kama wetu hatuachi kutafuta.

Sikatai kila safari ya nje. Upo upasuaji wa kukata baadhi ya nyuzi za neva mgongoni ili miguu ilegee, na baadhi ya watoto umewasaidia sana. Ziko sindano za kulegeza misuli. Lakini daktari wa kweli humshika mtoto kwanza, humpima, na mara nyingi husema hapana, huyu haimfai. Wakala wako hajamgusa mtoto, ameona video tu, na hajakuuliza hata kama degedege bado zinamjia. Rufaa ya kweli ya kwenda nje huanzia kwa madaktari bingwa wa hapa hapa.

Basi anza nao. Mpeleke kwa daktari wa watoto hospitali ya mkoa, omba barua ya kumfikisha Dar es Salaam, ama hospitali ya Muhimbili ama ya CCBRT pale Msasani, ambako kwa miaka mingi wamekuwa wakihudumia watoto wa namna hii. Wataalamu hupanga uwezo wa kutembea na kukaa wa watoto hawa katika ngazi tano. Uliza: mwanangu yuko ngazi ya ngapi? Jibu linaweza kukuumiza, lakini bila hilo utakuwa unachangisha gizani. Mtoto wa ngazi ya kwanza anahitaji viatu na mazoezi, wa ngazi ya tano anahitaji kiti, chakula kinachopita salama na macho ya daktari kwenye nyonga. Naomba pia apigwe picha ya nyonga hizo. Huko Australia walipofuatilia watoto wao, karibu theluthi moja nyonga zao zilikuwa zimeanza kuhama, na wasiotembea ndio walioathirika zaidi. Ikigundulika mapema kuna la kufanya, ikichelewa mtoto anaishi na maumivu asiyoweza kuyasema. Na jambo moja zaidi umwambie daktari bila kuficha: kama kuna kitu mtoto alikuwa anakiweza na sasa hakiwezi tena. Hiyo si tabia ya mtindio wa ubongo, huenda kuna kingine.

Sasa tuje kwenye fedha, kwa sababu nadhani hapo ndipo mlipopotea, na si kwa ubaya.

Mmechangisha fedha ya safari moja, na mtoto huyu anahitaji fedha ya miaka. Treni ya umeme ilipoanza kubeba abiria Juni 2024, nauli ya kawaida kati ya Morogoro na Dar es Salaam ilitangazwa shilingi 13,000. Kwenda na kurudi 26,000. Gawanya milioni 45 kwa hiyo: ni safari zaidi ya 1,700. Ungempeleka kila wiki kwa miaka 33. Sisemi uende kila wiki, maana mtaalamu mzuri atakufundisha mazoezi uyafanye nyumbani na kukuita mara moja kwa mwezi hivi. Nasema hizo 3,870,000 unazoziona chache mbele ya milioni 45 ni fedha nyingi sana mbele ya mahitaji ya kweli ya mtoto wako.

Nikueleze la kwanza ambalo ningelinunua. Binti yangu alipokuwa na miaka mitatu nilikuwa nampakata mapajani, kichwa kimeangukia nyuma, namlisha uji kwa kijiko huku anakohoa. Kila mlo ulikuwa vita, saa nzima, na kila baada ya wiki chache tulikuwa hospitalini na kifua. Siku moja mtaalamu wa mazoezi tiba alinyang'anya kijiko mkononi mwangu. Akamkalisha wima, akamwegemeza kona ya ukuta, akamwinamisha kidevu kidogo mbele. Akaleta kijiko kwa mbele, usawa wa mdomo, uji mzito wa nusu kijiko. Akasubiri. Mtoto akafunga mdomo mwenyewe, akameza, hakukohoa. Nililia palepale, kwa kuwa kile kifua nilichokuwa namwombea kila siku kilikuwa kinatoka kwenye mkono wangu mwenyewe. Kesho yake nikaenda kwa fundi seremala na kamba niliyompimia mtoto: urefu wa mgongo, upana wa nyonga, kutoka nyonga hadi goti. Akanitengenezea kiti cha kona, mbao mbili za ubavuni zinakutana mgongoni kwa pembe, kijiti katikati ya mapaja kuzuia miguu isipishane, na meza ndogo mbele. Kiti kile kilimbadilishia maisha kuliko kiwanja kizima. Akawa anatuona tukiwa tunapika, mikono ikapata kazi. Usikikimbilie kabla ya vipimo vya mtaalamu, maana kiti kibaya hupindisha mgongo, lakini mwambie unakitaka.

Halafu ndiyo uorodheshe mengine na bei zake: dawa za degedege ambazo haziruhusiwi kukatika hata siku moja, vishikizo vya miguu, nauli, chakula chenye nguvu, na baadaye kitimwendo. Mtoto wako bado hajafika miaka mitano, na sera ya afya inampa matibabu bila malipo katika vituo vya serikali hadi aifikishe. Najua mnaandikiwa dawa mkanunue nje. Hapo ndipo umwone afisa ustawi wa jamii wa hospitali, ana mamlaka ya kuombea familia msamaha wa gharama, na watu wengi hawajui hata mlango wake ulipo. Na wewe mwenyewe, kina mama wenzako wa vitumbua na mama ntilie wa hapo Kihonda wakiunda kikundi, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu. Biashara yako ikisimama, huyo ndiye mchangiaji asiyetoka kwenye kundi.

Kuhusu shemeji yako, nakuomba usimtangaze mwizi. Ndiye aliyeinuka wengine walipokaa. Lakini fedha ya mtoto haikopwi, hata kwa saa moja, hata kwa pikipiki inayolisha nyumba. Mume wako aongee naye, si wewe. Ukiongea wewe, yatageuka ya mke na ukoo. Ndugu kwa ndugu, waandikiane siku ya kurudisha hizo 640,000. Na mume wako asipokuwa na neno, mpe barua hii aisome. Baba, ukimya wako unamwachia mkeo abebe peke yake mzigo wa watu wawili.

Fedha iondolewe kwenye simu ya mtu binafsi. Fungueni akaunti ya benki yenye saini tatu, na angalau mmoja asiwe wa ukoo: mwalimu wa jirani, mzee wa msikiti au wa kanisa, yeyote ambaye mtaa unamwamini. Kila Jumapili jioni mtume kwenye kundi kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, na picha za risiti. Hata wiki ambayo hakikuingia kitu, andikeni hivyo hivyo. Panapolipwa hospitali ya serikali kwa namba ya malipo, mwenye kutaka kuchangia hiyo bili anaweza kupewa namba akalipa mwenyewe moja kwa moja. Aliyesema mmemgeuza mtoto mtaji amesema neno la kuumiza, lakini aliuliza kwa sababu hakuwa ameonyeshwa hesabu. Mwonyesheni.

Na waliokwisha kutoa, walitoa kwa ajili ya India. Mkibadili safari, waambieni, na anayetaka fedha yake arudishiwe. Usiogope. Wengi hawataomba, na wachache watakaoomba watapata haki yao.

Video ifutwe. Kila mahali mnapoweza. Mtoto yule atakua, anasikia, anaelewa zaidi ya anavyoweza kuonyesha, na dada yake ataanza shule na wenzake wenye simu za wazazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazipa taarifa za mtoto na za afya ulinzi wa pekee. Lakini hata bila sheria, jiulize kama wewe ungependa watu 212 wakutazame na nguo ya ndani, unalia. Ukitaka picha, mpige amevaa shati lake zuri, anacheka kama unavyosema anacheka ukiingia mlangoni. Watu huwachangia watoto wanaocheka, nimeyaona. Picha iliyozagaa inaweza kuibwa na matapeli wakaweka namba yao chini yake. Ukiiona hivyo, ripoti polisi, na ile namba itume kwenye 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu.

Mama mkwe. Mwanangu, ulikaa na uchungu tangu Jumamosi usiku hadi Jumatatu alfajiri. Hukufanya jambo. Siku ya kliniki mwombe mama mkwe akusindikize, amsikie daktari kwa masikio yake, halafu mtaalamu amfundishe na yeye kumnyoosha mtoto miguu. Bibi akishapewa kazi ya mikono, maneno hupungua.

Ujumbe wa kwanza kwenye kundi uandike wewe, mama yake. Nimekuandikia mfano, ubadili unavyopenda:

"Ndugu, jamaa na marafiki, habari zenu. Mimi ndiye mama wa mtoto. Mpaka leo mmetuchangia shilingi 3,870,000, Mungu awazidishie. Kati ya hizo, 640,000 zilitumika kwa shughuli nyingine ya familia, zitarudi kabla ya tarehe 30 na mtaona risiti ya benki. Tumeamua kutokwenda India, kwa sababu tiba tuliyoambiwa haijathibitishwa kwa watoto kama wetu. Aliyechanga kwa ajili ya safari hiyo na angependa kurudishiwa, aniandikie pembeni ndani ya wiki mbili, tutamrudishia bila maneno. Kitakachobaki kitamlipia mtoto kliniki, dawa za degedege, kiti cha kukalia na vishikizo vya miguu kwa mwaka huu. Bei za fundi na za hospitali nimezipiga picha, zipo chini ya ujumbe huu. Badala ya mchango mkubwa wa mara moja, mwenye kuweza atusaidie kidogo kidogo kila mwezi, hata elfu mbili. Ile video mliyotumiwa naomba kila mmoja aifute kwenye simu yake. Mtoto hajambo. Anayependa kumwona aje nyumbani Jumapili jioni, anafurahi sana watu wakimwimbia."